Kilatini cha zama za mwisho za Roma: maswali yaleyale mnayoniuliza kila siku

Kila nikitaja kwamba nilisoma Kilatini seminari ndogo naulizwa mambo yaleyale, sasa nimeamua kuyajibu yote sehemu moja. Mjue tu kwamba Kilatini ninachokipenda mimi sio kile cha Cicero, yule msemaji maarufu wa Roma ya kale, cha kwenye sanamu za marumaru, ni kile cha baadaye, cha watu waliokuwa wanachekwa lafudhi na kusahihishwa herufi H.

Tunaongelea miaka gani hasa?

Chukua kama mwaka 250 mpaka 650 hivi, usiumize kichwa na mipaka. Mwanzoni Dola la Roma bado linatawala toka Uingereza mpaka Siria, mwaka 313 Ukristo unaruhusiwa, mwaka 476 kaisari wa magharibi anaondolewa kwenye kiti, na baada ya hapo sehemu kubwa ya magharibi iko chini ya wafalme wa makabila ya Kijerumani, Wavandali, Wagothi na Wafranki, ambao raia wao wanaendelea kuongea Kilatini kama jana.

Si ndo kipindi ambacho Kilatini kiliharibika?

Hapana, na hili ndo swali linalonikera kuliko yote. Lugha haiozi kama nyanya. Kilichotokea ni kwamba kile Kilatini watu walichokuwa wanaongea sokoni na majumbani kilikuwa kimeshaachana zamani na kile cha vitabuni, na kwenye kipindi hiki ndo tunaanza kukiona vizuri kwenye maandishi, kwa sababu walioandika ni wengi zaidi na sio wote walikuwa watoto wa wakubwa.

Kuna orodha moja inaitwa Appendix Probi, ya mwalimu ambaye jina lake limepotea, ina masahihisho 227 na yote yamekaa mtindo mmoja, sema hivi usiseme vile. Speculum non speclum. Calida non calda. Auris non oricla. Vetulus non veclus. Unamwona kabisa mwalimu amekasirika, watoto wameandika walivyosikia nyumbani, yeye anakata anaandika upya. Sasa nenda Italia leo uulize kioo kinaitwaje, utaambiwa specchio, ambacho kimetoka kwa speclum lililokatazwa, maji ya moto ni acqua calda, sikio ni orecchio, mzee ni vecchio. Kila kosa limeshinda, mwalimu kapigwa bao zote.

Na kuna mstari mmoja unatuhusu sisi moja kwa moja: mensa non mesa. Mensa ni meza. Watu walikuwa wanaimeza hiyo N, mwalimu anasema hapana jamani tamkeni N, hawakumsikia, Wareno wakarithi mesa, wakashuka nayo pwani yetu, na ndo maana wewe leo ukisema "weka chai mezani" unatumia kosa lililokatazwa darasani zaidi ya miaka 1,300 iliyopita. Sisi shuleni tulikatazwa kuandika "nyie", tuandike "ninyi", halafu mwalimu mwenyewe akitoka nje tu unamsikia "nyie hebu njooni hapa". Kwa hiyo mi nikisoma hiyo orodha nacheka peke yangu.

Sasa watu wa kawaida walikuwa wanaongeaje?

Ukiwa umesoma Kilatini cha darasani unajua jina linabadilika mkia kutegemea kazi yake kwenye sentensi, mwenye kutenda mkia huu, mtendwa mkia ule. Sasa ile M ya mwisho watu walikuwa hawaitamki kabisa, na irabu ndefu na fupi zikaacha kutofautishwa, kwa hiyo mikia mingi ikawa inasikika sawa, basi kazi yake ikachukuliwa na maneno madogo kama de na ad na mpangilio wa sentensi. Makaburini utakuta wameandika "bixit" badala ya "vixit", yaani "aliishi", kwa sababu B na V zilikuwa zimeshaanza kuchanganyika na fundi mchonga mawe aliandika sikio lake lilivyomwambia.

Ninachokipenda zaidi ni wakati ujao. Kwenye Kilatini cha vitabu "nitaimba" ni cantabo, neno moja. Watu wakaanza kusema cantare habeo, yaani kama "ninako kuimba", nina la kuimba, na polepole habeo ikasinyaa ikagandana na kitenzi, ndo Mwitaliano anasema canterò, Mfaransa chanterai, Mhispania cantaré. Kama unaona ni ajabu jiangalie mwenyewe. Ile "ta" ya "nitaimba" imetoka kwenye "taka", na ushahidi bado upo mdomoni kwako, ukisema "mtu atakayekuja" hiyo "taka" inajitokeza nzima nzima. Waroma walitumia "kuwa na", sisi tukatumia "kutaka".

Kwenye historia inayoitwa ya Fredegar, ya miaka ya 600 huko kwa Wafranki, kuna stori ya kaisari Justinian amemkamata mfalme wa Uajemi, anamdai miji, mfalme anajibu "non dabo", sitatoa, kaisari anamwambia "daras", utatoa, na eti ndo maana mji ukaitwa Daras. Stori yenyewe ni ya kutunga, ila angalia, kaisari hasemi dabis ya vitabuni, anasema daras, iliyotoka kwa dare habes. Ni utani wa jina la mji tu, na ndo umetuachia mojawapo ya mifano ya zamani kabisa ya wakati ujao wa aina hiyo.

Msamiati nao ulihama. Farasi akaacha kuwa equus akawa caballus, nyumba ikaacha kuwa domus ikawa casa, na kichwa, hii mi huwa inanivunja mbavu, huko Gaul, yaani Ufaransa ya leo, kikawa testa, maana yake chungu au kigae, ndo tête ya Kifaransa. Ini likaitwa ficatum kwa sababu ya pishi la ini la mnyama aliyelishwa tini, na jina la pishi likabaki kuwa jina la kiungo chenyewe, fegato kwa Kiitaliano, foie kwa Kifaransa.

C ilikuwa inatamkwa K au CH?

Enzi za Cicero ilikuwa K kila mahali, yeye mwenyewe alikuwa "Kikero". Kwenye kipindi chetu ndo C mbele ya E na I ikaanza kulainika, ikaishia kuwa "ch" Italia na "s" Ufaransa. Sehemu za Sardinia mpaka leo mia moja ni kentu, na K yake. Na sisi kwenye Biblia tunasoma "Kaisari", kwa hiyo mpe ya Kaisari Kaisari, tuko na matamshi ya zamani kuliko mapadri wetu waliokuwa wanatufundisha "Chezari".

Ni kweli Mtakatifu Augustino alikuwa Mwafrika na alichekwa lafudhi?

Kweli kabisa. Kazaliwa mwaka 354 Thagaste, leo ni Souk Ahras kule Algeria, kafa mwaka 430 akiwa askofu wa Hippo, ambayo ni Annaba, Wavandali wamezingira mji. Kilatini alikijua toka utotoni, anasema alikiokota tu bila viboko kwa walezi waliokuwa wanambembeleza na kucheza naye, tofauti na Kigiriki alichokichukia kwa sababu kiliingizwa kwa fimbo. Hata hivyo alipokuwa Italia mwaka 386, keshakuwa profesa wa ufasaha Milan, yaani mtu analipwa kufundisha watu kuongea, aliandika kwamba Waitaliano bado wanamkosoa matamshi ya maneno mengi. Aliyewahi kutoka bara akaenda Unguja akafungua mdomo sokoni atanielewa.

Yeye mwenyewe anatueleza tatizo lilikuwa wapi. Kwenye Kilatini "os" yenye irabu fupi ni mfupa na "os" yenye irabu ndefu ni mdomo, na anasema masikio ya Kiafrika hayatofautishi irabu fupi na ndefu. Sisi tuna "paa" la nyumba na "paa" wa porini na tunaishi vizuri tu, ila yeye alikuwa mhubiri, hakutaka mkulima atoke kanisani hajui kama Mungu kaumba mfupa au mdomo. Akasema basi tuseme "ossum" kwa mfupa, walimu wa sarufi waseme watakavyo. Na akatoa ile kauli yake, heri wanasarufi watukosoe kuliko watu wasituelewe. Kwenye kitabu chake cha Maungamo analalamika hivi, mtu akitamka "homo", yaani binadamu, bila H anaonekana kafanya aibu kubwa kuliko mtu anayemchukia huyo binadamu mwenzake. Mi naona hapo alikuwa anamkumbuka mwalimu fulani kwa sura.

Na Kilatini hakikuwa lugha pekee pale. Vijijini watu waliongea Kipuni, lugha ya Wafoinike wa Karthago, ndugu wa Kiebrania. Siku moja akihubiri anawaambia waumini kuna methali ya Kipuni, nitawaambia kwa Kilatini maana sio wote mnajua Kipuni: tauni ikiomba sarafu moja, ipe mbili iende zake. Methali ya mtu aliyeuza sokoni hiyo, sio ya mwanafalsafa.

Sasa njooni kwenye shairi, hapa nakaa kidogo. Mwaka 393 hivi alikuwa anagombana na Wadonati, kundi la Wakristo wa Afrika waliojitenga na kanisa, akataka watu wasiosoma kabisa wajue ugomvi unahusu nini na wakumbuke. Akatunga wimbo. Mashairi ya Kilatini ya heshima yalipimwa kwa urefu wa irabu, lakini masikio ya watu wake hayasikii urefu, kwa hiyo akahesabu silabi. Na alihesabu ngapi? Kumi na sita kila mstari, nane na nane, na kituo katikati. Propter hoc dominus noster / voluit nos praemonere. Hesabu kwa vidole. Hiyo ni ukwapi na utao, mizani nane nane, kama shairi letu lenyewe! Kila mstari unaishia na sauti "e", una kiitikio cha kuimbwa na watu wote, na beti zinafuata alfabeti, wa kwanza A, wa pili B, mpaka V. Baadaye alieleza kwamba alikwepa mizani za kizamani makusudi, zisije zikamlazimisha kutumia maneno ambayo watu hawayatumii. Sisemi kuna uhusiano wa damu kati yake na watunzi wa Lamu au Mombasa, hakuna, ila ukitaka kitu kikae kichwani mwa mtu asiye na kitabu naona binadamu huishia sehemu moja.

Na Biblia ya Yeronimo je?

Kabla yake kulikuwa na tafsiri nyingi za Kilatini, nyingine mbovumbovu, zimejaa lugha ya mtaani, lakini watu wamezizoea. Papa Damaso akampa Yeronimo kazi mwaka 382 aanze kunyoosha Injili, baadaye akahamia Bethlehemu akatafsiri Agano la Kale moja kwa moja kutoka Kiebrania. Yeye alikuwa mpenzi wa Cicero kupindukia, anasimulia kwamba aliota yuko mbele ya Hakimu, akasema mimi ni Mkristo, akajibiwa muongo wewe, wewe ni wa Cicero, akachapwa kweli kweli.

Vurugu ilitokea Oea, ambayo ni Tripoli ya Libya. Augustino alimwandikia Yeronimo mwaka 403 kumpa taarifa. Askofu wa pale alisoma kanisani kitabu cha Yona kwa tafsiri mpya, kufika pale kwenye mmea uliompa Yona kivuli, watu wamezoea cucurbita, yaani mung'unye, wakasikia hedera, mmea mwingine kabisa unaotambaa ukutani. Kanisa likalipuka. Wagiriki ndo walipiga kelele zaidi, wanadai ni uongo, askofu ikabidi akawaulize Wayahudi wa mjini, nao wakasema Kiebrania kinakubaliana na ile ya zamani, mwisho akarudisha neno la mwanzo ili asibaki bila waumini. Kwa neno moja la mmea!

Shule zilikuwaje? Walimu walilipwa?

Walilipwa vibaya, kama kawaida. Kaisari Diocletian mwaka 301 alitoa orodha ya bei za juu kabisa za kila kitu, mwalimu wa kusoma na kuandika dinari 50 kwa mwanafunzi kwa mwezi, mwalimu wa sarufi 200, wa ufasaha 250, na kinyozi 2 kwa kichwa. Piga hesabu uone wa chini alihitaji watoto wangapi.

Kitabu cha darasani kilikuwa cha Donatus, mwalimu wa Roma wa katikati ya miaka ya 300, aliyemfundisha Yeronimo. Kile kidogo chote ni maswali na majibu. Aina za maneno ni ngapi? Nane. Zipi? Jina, kiwakilishi, kitenzi... Kwa hiyo hiki ninachoandika hapa kina babu yake. Watoto wa Ulaya walikariri hicho kitabu zaidi ya miaka 1,000.

Na wanasarufi walikuwa watu wa ajabu. Kuna mmoja wa miaka ya 600 anajiita Virgilius Maro, anasimulia mabingwa wawili, Galbungus na Terrentius, walibishana siku 14 usiku na mchana juu ya namna ya kuita kwa neno "mimi". Yaani ukitaka kujiita wewe mwenyewe, useme vipi. Wengi wanaona jamaa alikuwa anatania tu, mi nadhani aliwahi kukaa kikao cha walimu.

Kuna maandishi ya watu wadogo, au ni maaskofu tu?

Yapo, na ndo matamu. Bath, Uingereza, kwenye chemchemi ya maji moto wamekuta vibati vya risasi zaidi ya 100 ambavyo watu walioibiwa waliandika wakavitupa majini kwa mungu wa kike Sulis. Mmoja anaitwa Docimedis, kaibiwa glavu mbili, anaomba mwizi apoteze akili na macho. Glavu! Mwingine wa miaka ya 300 kaibiwa sarafu sita za fedha, na ili mtu asiponyoke anaorodhesha, awe mpagani au Mkristo, mwanamume au mwanamke, mtumwa au huru. Yaani ni albadiri kabisa, ila kwa Kilatini chenye makosa ya tahajia.

Halafu kuna mama mmoja, Egeria, alisafiri kwenda Nchi Takatifu mwaka 381 mpaka 384 akawaandikia dada zake nyumbani. Maandishi yalipatikana Arezzo mwaka 1884, kurasa za mwanzo zimepotea. Anaandika kama anaongea, "mlima ule", "askofu yule", ille na ipse kila hatua, na hizo ille ndo zilikuja kuwa il na la na le za lugha za leo. Milima ile tuliyokuwa tunapita katikati yake ikafunguka ikafanya bonde lisilo na mwisho, anasema. Unaona kabisa alivyosimama.

Wavandali si waliua Kilatini Afrika?

Wala. Waliteka Karthago mwaka 439, na mwaka 1928 mpakani mwa Algeria na Tunisia vikapatikana vibao vya mbao vya miaka ya 493 mpaka 496, vya utawala wao, na ni mikataba ya Kilatini ya wakulima wanauziana vishamba na mizeituni. Tarehe zinahesabiwa kwa miaka ya mfalme Mvandali Gunthamund, lugha ni ileile. Karthago ilichukuliwa na Waarabu mwaka 698, na bado miaka ya 1100 mwanajiografia al-Idrisi anasema watu wengi wa Gafsa wanaongea Kilatini cha Kiafrika. Baadaye kikazimika. Kilichobaki ni kama majina ya miezi kwa Waamazigh, yaani Waberberi, mwaka wao unaanza Yennayer, ambayo ni Januarius.

Na Konstantinopoli, mji mkuu wa mashariki?

Kifupi: sheria na jeshi Kilatini, mengine yote Kigiriki. Mwaka 425 kaisari Theodosius wa Pili aliweka walimu wa sarufi 10 wa Kilatini na 10 wa Kigiriki. Justinian, ambaye alikulia kwenye Kilatini, alikusanya sheria zote kwa lugha hiyo, Digesta ikatoka mwaka 533, ila sheria mpya nyingi akatoa kwa Kigiriki, akisema wazi kwamba ni ili kila mtu aelewe.

Basi kilikufa lini?

Hakuna siku kilikufa, hakuna mama aliyeamka asubuhi mwanawe anaongea Kifaransa. Ila kuna siku watu walikubali kwamba ni lugha mbili. Gregori wa Tours, aliyekufa mwaka 594, bado anaona ni Kilatini kimoja, cha kisomi na cha kishamba, na anasema mshamba akiongea anaeleweka na wengi. Mwaka 813 mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, uliofanyika hapohapo Tours unaagiza mahubiri yageuzwe kwenda "Kiroma cha mashambani" au Kijerumani. Ukishatafsiri umekiri.

Kiswahili kina maneno ya Kilatini?

Kibao, yamepita milango tofauti. Kupitia Kiarabu tuna dinari toka denarius, kasri toka castra, kambi ya jeshi, na ile Sirati unayoisikia kwenye mawaidha inatoka strata, barabara iliyosakafiwa. Kupitia Wareno tuna meza, mvinyo, kasha, na gereza, ambalo ni igreja yao, kanisa, toka ecclesia. Kanisa likawa jela, pwani walikuwa na sababu zao.

Na Wareno wenyewe siku zao za wiki ni za kuhesabu kama zetu, segunda, terça, quarta, wakati majirani zao wanazo za miungu, Mars na Mercurius. Askofu Martin wa Braga, mji wa Ureno ya leo, miaka ya 500, aliwakemea wakulima kwa kutumia hizo za miungu. Ila Jumatatu yetu wao ni ya pili, msije mkachelewa ndege Lisbon.

Nataka kujifunza, nianzie wapi?

Usianze na Cicero, utakata tamaa wiki ya pili. Chukua Biblia ya Yeronimo upande mmoja na Biblia ya Kiswahili upande wa pili, ufungue Yona sura ya 4, ina mistari 11 tu. Ukifika mstari wa 6 utaona hederam kushoto, na kulia Union Version imeweka mtango. Watu wa Oea wangefurahi.